Oili Isiyopungua

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Umulisa alifagia ua wa nyumba yao huko Kinyinya, mtaa wa pembezoni mwa mji. Alianzia mlango wa jikoni, akapita kando ya tangi la maji, akamalizia pale gari la marehemu baba yake lilipoegeshwa. Hapo ufagio ulipunguza mwendo, kwa sababu chini ya gari, karibu kila siku, palikuwa na doa jipya.

Lilikuwa doa jeusi, la mviringo, linalong'aa. Umulisa alilimwagia mchanga, akausugua kwa kiatu cha zamani, kisha akauzoa na kuutupa. Kesho yake doa lilikuwa limerudi mahali palepale.

Baba yake, Ntare, alikuwa amefariki miezi saba iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Gari lile dogo jeupe alilitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kila Jumapili baada ya misa alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa chekundu, akakirudisha, akakichomoa tena, kisha akamwita bintiye.

"Umulisa, soma. Unaona hizi alama mbili? Oili ikae kati yake. Ikiwa chini ya alama ya chini, injini iko na njaa. Ikipita ya juu, imevimbiwa."

Halafu alikunja kitambaa pembe kwa pembe mpaka kikawa kidogo kama daftari la mfukoni, akakiweka kando ya betri, upande wa kushoto. Hakukiacha hovyo hata siku moja.

Siku ya mazishi, watu walipokwisha kunawa mikono na kuondoka, mama yake, Winifred, alifunga milango ya gari na kusema, "Gari la Papa lisiguswe na mtu." Papa ndilo jina walilomwita baba nyumbani. Baadaye ilimbidi Mama alitumie gari hilo mwenyewe, Alhamisi kumchukua Umulisa shuleni na Jumamosi kwenda sokoni. Siku nyingine alipanda basi kwenda kwenye duka la dawa alilofanyia kazi katika mtaa wa Gisimenti. Lakini amri ilibaki ileile. Umulisa hakuruhusiwa kugusa.

Naye aligusa.

Ilianza Jumapili moja, miezi miwili iliyopita. Mama alikuwa amebaki kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na Umulisa alirudi nyumbani kwa miguu. Alipoliona doa, aliingiwa na hofu kwamba injini ingekauka. Alifungua boneti kama alivyofundishwa, akapima. Oili ilikuwa imeshuka karibu na alama ya chini. Alikwenda stoo, akachukua dumu la oili aliloacha baba yake, akamimina nusu kikombe. Alipima tena: katikati. Alikunja kitambaa pembe kwa pembe, akakirudisha kando ya betri, akafunga. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumatano jioni hakuweza kujizuia. Alifungua tena boneti ili aone tu. Akachomoa kijiti, akakifuta, akapima.

Oili haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda, imefika alama ya juu.

Umulisa alisimama pale huku ukungu ukipanda kutoka bondeni na kuyafunika majengo ambayo ujenzi wake haujaisha yaliyouzunguka ua. Aligusa kile kitambaa chekundu. Kilikuwa kimekunjwa pembe kwa pembe kama alivyokiacha, lakini upande wa kulia wa betri. Na kilikuwa na unyevu wa oili mpya, nyepesi, yenye rangi ya asali.

Alifunga boneti polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Hakumwambia mtu. Jumapili iliyofuata alimimina tena nusu kikombe. Jumatano akakuta imepanda zaidi ya pale alipoiacha. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Doa lilikua chini ya gari, na oili ilizidi ndani. Umulisa alijua hesabu hiyo haiwezekani. Kitu kinachovuja hupungua. Kama hakipungui, basi kuna mkono unaojaza.

Na ni mkono gani mwingine uliojua kukunja kitambaa vile?

Hata kijiti kilipoonyesha kwamba oili imepita alama ya juu, aliendelea kumimina kidogo. Aliona ni kama mazungumzo: yeye Jumapili, Papa Jumatano. Aliogopa kwamba akinyamaza, na upande wa pili utanyamaza.

Alhamisi moja Mama alikuja kumchukua shuleni pamoja na rafiki yake Ihirwe, binti wa jirani, aliyeongea bila kupumzika. Walipokaribia Gisimenti, moshi wa bluu ulianza kutoka pembeni mwa boneti, na harufu kali ikajaa garini.

"Yuu! Mama Umulisa, gari inavuta sigara!" Ihirwe akapiga kelele.

Mama alisimama kando ya barabara na kuzima injini. Aliendelea kuushika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Ihirwe aliruka nje, akainama na kuchungulia chini.

"Irava!" alisema kwa Kinyarwanda. "Umulisa, njoo uone, irava sana!"

Katika Kinyarwanda, neno hilo ni la paa linalovuja, na pia ni la kidonda kinachotoka damu. Umulisa aliinama. Matone meusi yalikuwa yakidondoka moja moja, bila haraka.

"Nyamaza basi, Ihirwe," alisema.

"Nimekosa nini? Si nasema ninachoona?"

Jioni ile Mama hakula. Alikaa mezani akiuzungusha mfuniko wa chupa ya chai.

"Umulisa, nataka kukwambia kitu, ila usiogope," alisema mwishowe. "Jumapili iliyopita nilipotoka kwaya, nilipofika tu getini nilisikia boneti ya gari inafungwa. Ile sauti yake, unaijua. Nikaingia haraka. Hapakuwa na mtu. Na saa ilikuwa ileile baba yako aliyozoea kupima oili."

Umulisa alitazama sahani. Jumapili ile alisikia geti, akakimbilia nyuma ya nyumba akiwa bado na oili kwenye vidole. Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi: *Ni mimi, Mama.* Lakini akikiri boneti, atakiri dumu, na akikiri dumu, itabidi aseme kuhusu zile Jumatano.

"Labda ni upepo," alisema.

Mama alitikisa kichwa. "Nimechoka kuogopa ua wangu mwenyewe. Nimempata mtu wa kulinunua hilo gari. Atakuja Jumapili mchana. Lakini siwezi kumuuzia mtu gari gonjwa bila kumwambia ugonjwa wake. Jumamosi, umuganda ukiisha, nitamwita fundi, Tanti Épiphanie, alipime."

Umulisa hakulala vizuri. Gari likiuzwa, Papa atakuja wapi?

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo watu wazima wa mtaa walitoka na majembe na mapanga kwenda umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro. Mama naye alikwenda. Barabarani hapakupita gari wala pikipiki. Mji mzima ulinyamaza kana kwamba mtu ameuwekea kiganja mdomoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ukuta wa ua.

Umulisa alikuwa ameweka kipande cha boksi chini ya gari ili kizuie doa. Katika ukimya ule alisikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia siku nyingine.

To.

Akaacha kufagia.

To.

Kati ya tone na tone palikuwa na nafasi ndefu, kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Umulisa alichuchumaa kando ya gurudumu.

"Papa?" aliita kwa sauti ndogo.

Alisubiri mpaka magoti yakauma. Halafu, kwenye boksi, to. Alisimama akakimbilia jikoni, akafunga mlango na kuuegemea mpaka Mama aliporudi.

Saa sita na nusu Tanti Épiphanie alishuka kwenye pikipiki akiwa na mfuko wa spana begani. Alikuwa fundi wa magari karibu na makutano ya barabara yaitwayo Sonatubes, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mama naye alikulia Karagwe, Tanzania. Wakikutana hawakutumia lugha nyingine.

"Mama Umulisa, amani? Na wewe sha, mwanangu, mbona uso iko kama mtu ameona jini?"

"Niko salama, Tanti," Umulisa alijibu, akitazama chini.

"Haya. Mgonjwa wetu iko wapi?"

Alifungua boneti, akainama, akanusa. Injini yote ilikuwa imepakaa oili na vumbi, huwezi kujua mwanzo wala mwisho. Alichomoa kijiti, akakifuta, akapima. Akakitazama. Akapima mara ya pili, kisha akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ni ajabu," alisema. "Gari inayovuja namna hii, nategemea kukuta kijiti kikavu. Hiki kinaogelea. Oili imepita alama ya juu, imepita mbali."

Mama alishika kifua. "Dada, usinitishe."

"Sitishi mtu. Injini haiwezi kuzaa oili. Lakini tuanze na pale inapotoka, mengine tutayaona."

Alimwaga dawa ya kuondoa mafuta, akasugua kwa brashi, akafuta kila pembe mpaka chuma kikaonekana. Alipokwisha kukausha, alitoa mfukoni kopo la poda ya watoto wachanga na kuipuliza juu ya injini yote.

Umulisa alisahau hofu yake. "Tanti, unalipaka gari poda?"

"Anakwenda harusini," fundi alijibu bila kucheka. "Sikiliza. Oili hutelemka, haipandi. Ukiona tone chini, usimlaumu aliye chini. Tafuta juu. Lakini injini chafu inaficha njia. Sasa ni nyeupe, haiwezi kutudanganya. Mama Umulisa, washa."

Injini ilinguruma. Wote watatu walisimama wakitazama kile chuma cheupe kinachotetemeka. Kilifanana na uso uliopakwa majivu. Dakika ya kwanza hakikutokea kitu, wala ya pili. Kisha, chini kidogo ya kifuniko cha juu cha injini, upande wa nyuma, poda iliingia weusi. Mstari mwembamba ulijichora taratibu kama chozi, ukapinda, ukafika kwenye bomba la moto la ekzosi. Moshi wa bluu ukainuka.

"Huyo," Tanti Épiphanie alisema. "Zima!"

Alifungua bolti na kunyanyua kifuniko. Kwenye ukingo wake alibandua utepe mweusi wa mpira, akampa Umulisa.

"Hii ni gasketi. Kazi yake kuziba kati ya vyuma viwili. Ikunje."

Umulisa aliikunja, nayo ikakatika kama biskuti.

"Imezeeka. Hiyo ndiyo iliyoanza, na ingevuja kidogo tu, matone machache kwa wiki. Lakini ndani kuna oili nyingi kupita kiasi. Injini ikizunguka inaipiga mpaka inatoa povu, presha inapanda, na oili inatafuta pa kutokea. Inatokea hapa palipochoka. Ingeendelea hivi, siku moja ingewaka moto juu ya ekzosi mkiwa ndani." Alijifuta mikono, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi ni fundi, si padri, sisikilizi maungamo. Lakini katika nyumba hii kuna mtu anaongeza oili. Nani?"

Umulisa alitazama boksi lililolowa chini ya gari. Alifikiria moshi wa Gisimenti, na Mama akiwa bado ameshika usukani wa gari lililozimwa. Alifikiria moto. Kama angesema, Papa asingekuwepo tena katika yale mazungumzo ya Jumapili na Jumatano. Na kama asingesema, mnunuzi angeondoka na hatari ile, au Mama angeendelea kuogopa nyumba yake mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Kila Jumapili baada ya misa, kutoka kwenye dumu la Papa. Na boneti uliyoisikia, Mama, ni mimi niliyeifunga. Nilikimbia. Nilikuona unaogopa na nikanyamaza. Nisamehe." Machozi yalimtoka. "Lakini si yote! Mimi naongeza Jumapili. Jumatano nakuta imepanda tena, na kitambaa kimekunjwa kama Papa. Nilidhani... nilidhani ni yeye."

Mama hakumkemea. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaficha uso kwa viganja. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa mekundu.

"Jumatano ni mimi," alisema.

Umulisa alifuta machozi ili amwone vizuri.

"Jumatano alfajiri, kabla sijaenda kazini, kwa miezi miwili sasa. Kuna chupa ya oili chini ya kiti changu. Kila nikiona doa najisemea, Ntare asingeliacha gari lake na kiu. Namimina kikombe kimoja cha chai. Kijiti sijui kukisoma, sikuwahi kumuuliza. Najua kukunja kitambaa tu, kwa kuwa nilimtazama miaka kumi na mitano." Alivuta pumzi. "Nilikataza wote wasiguse, halafu nikagusa mwenyewe kwa kujificha. Nilikuta kitambaa kimehama, mwanangu, upande wa pili wa betri. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa."

Tanti Épiphanie alitazama kile kitambaa chekundu. Alikichukua, akakikunja pembe kwa pembe, haraka haraka, mpaka kikawa kidogo kama daftari la mfukoni. Umulisa alishangaa.

"Na wewe unajua?"

"Nani unadhani alimfundisha?" fundi alisema. "Alikuja kwangu kijana, na gari lake la kwanza, anafutia oili kwenye suruali. Nikamwambia, we Ntare, kitambaa kikikunjwa hivi uchafu unabaki ndani, mkono unabaki safi. Alicheka siku nzima."

Mama alicheka pia, kicheko kilichochanganyika na kilio, na Umulisa akaenda kukaa karibu naye.

Fundi hakuwasubiri. Alipunguza oili iliyozidi, ikajaa chupa kubwa na nusu ya nyingine. Alikwangua mabaki ya gasketi ya zamani, akafuta ukingo mpaka ukang'aa, akaweka mpya aliyoitoa kwenye mfuko. Alimwita Umulisa akaze bolti, akianzia katikati na kwenda nje, kidogo kidogo, kwa zamu. "Usikaze kwa hasira, gasketi itapasuka." Kisha walifuta, wakapaka poda tena, wakawasha. Walingoja robo saa nzima. Poda ilibaki nyeupe.

Alipokuwa akifunga mfuko wake, Tanti Épiphanie alisema, "Umulisa, baba yako alikufundisha vizuri, lakini ulisahau nusu ya somo. Alama ya juu iko pale kwa sababu. Ulipoona imepita, ulipaswa kuuliza. Na wewe Mama Umulisa, ulimimina bila kupima. Nyote wawili mlikuwa mkifanya jambo moja la upendo, mkalifanya kwa kufichana, likakaribia kuwachoma. Mtu akifanya jambo nyumbani, alitaje, hata likiwa jema. Na ukiona mwenzako ameogopa kwa sababu ya siri yako, siku hiyohiyo iseme. Usingoje fundi."

"Nimesikia, Tanti," Umulisa alisema.

"Na mimi nimesikia," Mama akasema. Alitoa simu, akampigia mnunuzi, akamwomba radhi kwa upole. Gari haliuzwi tena.

Kesho yake, Jumapili, Umulisa alifagia ua mapema. Alifika kwenye gari, akavuta boksi jipya alilolitandika jana. Lilikuwa kavu kabisa. Alilishika kwa muda mrefu. Alifurahi, lakini kuna kitu kilimwuma kifuani, kama mtu aliyezoea kugongewa mlango kisha siku hiyo hakugongewa.

Mama alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani, ameshika kitambaa chekundu.

"Njoo unifundishe kusoma hiki kijiti."

Walifungua boneti pamoja. Umulisa alichomoa, akafuta, akarudisha, akachomoa tena. "Unaona hizi alama mbili? Oili ikae kati yake."

"Naona," Mama alisema, akiinamisha kichwa karibu na cha bintiye. "Iko katikati."

"Basi leo hatuongezi."

"Hatuongezi." Mama alikunja kitambaa pembe kwa pembe, akasita. "Kushoto au kulia?"

"Papa alikiweka kushoto."

Mama akakiweka kushoto. Walipoondoka kwa gari kwenda misani, Umulisa aligeuka akatazama nyuma. Pale gari lilipokuwa, doa la zamani lilibaki sakafuni, limefifia, halikui tena. Asubuhi ile hakulimwagia mchanga wala kulisugua kwa kile kiatu. Alikuwa amefagia kulizunguka tu, ili libaki hapo.